Tafsiri ya Ukuta

Ripoti ilikuja na barua ya wakili, kurasa tisa.
Nyumba ya Mkomani inauzwa, mnunuzi yuko ng'ambo,
nami niitafsiri ili shangazi ajue anachotilia sahihi.
Shilingi sita kwa neno.

Ukurasa wa pili nikakwama.
Neno la Kizungu la herufi nne,
katikati pacha wawili wamekaa kimya,
na ukibadili herufi ya kwanza tu, linakuwa kulia.
Maana yake: maji kutoka mahali pasipo tundu,
polepole, bila mtu kuyaona yakitoka.

Niliandika "yanavuja". Nikafuta.
Kuvuja kuna kelele. Paa huvuja, ndoo ikawekwa chini;
mtihani huvuja, mwalimu akahamishwa.
"Yanatona": tone lina umbo, lahesabika,
usiku ule nilihesabu ya bomba la jirani hadi mia mbili.
"Yanachuruzika": hapo pana uzi, kidole chaweza kuufuata.
"Yanapenya", kama mwizi, kama mwenye nia,
na maji haya hayana nia yoyote.

Asubuhi nikamwita fundi Bwanaheri wa Langoni,
aliyepiga lipu ya chokaa nusu ya mtaa huu.
Hakutoa nyundo.
Aliweka mgongo wa kiganja ukutani, upande wa birika,
pale matumbawe yalipochanua unga mweupe,
kama mama apimaye homa.
Akaramba kidole. "Chumvi."
Nikamuuliza, maji yakifanya hivi mwasemaje?
Akatazama viatu vyake.
"Twasema ukuta warowa.
Lakini kurowa ni habari ya ukuta, si habari ya mai.
Mai yenyewe..." akasugua kidole gumba na cha shahada,
akasugua, akasugua,
"...hayana la kunena."

Shangazi Mwanapate alikuwa jikoni na nazi mbili.
"Nipe kile," akaniambia, "kile cha kukalia ukakuna."
Nikampa mbuzi. Sikusema kitu.
Mwezi wa Rajabu lilimtoka jina la punda wa marehemu mumewe,
tukacheka wote.
Kabla ya Ramadhani, njia ya kwenda kwa Mwanashee,
nyumba ya tatu.
Sasa aniita Shemu, jina la mama yangu,
kwa uhakika unaonifanya niitike.
Ukiniuliza ilianza lini, sijui.
Hapakuwa na tone. Hapakuwa na ndoo ya kuweka chini.
Chovya chovya, wanasema, humaliza buyu la asali;
lakini hapa hakuna anayechovya,
buyu limetulia mahali pake, na asali yapungua.

Nikarudi ukurasa wa pili.
Wazungu hulitumia pia kwa damu kwenye bandeji,
kwa baridi chini ya mlango, kwa habari, kwa nguvu za mtu.
Nikajaribu kulisema letu mara mbili, "yanavujavuja",
maana kwetu kitenzi ukikirudia hulegea:
mtu anayetembeatembea haendi kokote.
Karibu. Si lenyewe.
Nikaacha pengo, nikaweka karatasi kidakani, nikalala.

Kidaka kimo katika ukuta ule ule.
Alfajiri wino wa buluu ulikuwa umehama,
umeingia pengoni kutoka mstari wa juu na mstari wa chini,
doa lisilo na ukingo,
na tarakimu ya mwisho ya bei haisomeki.
Sikuinakili upya. Waliponilipa,
doa hawakulihesabu.

Lakini kabla sijaituma nilimwonyesha shangazi.
Hakusoma. Aliigusa karatasi
kwa mgongo wa kiganja, akautuliza hapo.
"Maskini," akasema. "Nyumba ya nani hii?"